Waya wa Mlango wa Mashine

Meneja hakuwa mtu wa kutembelea nyumba za wafanyakazi. Upepo ulipoezua mabati ya nusu ya kota hakufika, na msiba ulipoingia kwa mlinzi alituma salamu tu. Kwa hiyo Mama Chapu alipomwona amesimama mlangoni kwake alasiri ile, kashika mfuko wa sukari na beseni jipya jekundu, moyo ulimlipuka. Mtu wa aina hiyo akikuletea kitu, ujue kuna kingine amekuja kukichukua.

"Hodi hapa, shemeji!"

"Karibu." Aliuficha mkono wa kulia ndani ya mtandio. "Kuna nini? Mume wangu yuko salama?"

"Salama salimini! Kwani mtu haji kusalimia?" Meneja alikitazama kiti, akakifuta kwa kiganja, akakaa kwenye ncha. "Nikasema mkono mtupu haulambwi. Haya, pokea."

Alipokea kwa mkono wa kushoto. Meneja akajifanya hakuona.

"Kesho ndiyo kesho," akasema. "Wageni wanaingia."

Hilo kila mtu alilijua. Ofisi ya uwekezaji ya mkoa ilikuwa imeshapaka chokaa kingo za barabara, miti, hata mawe yasiyokuwa na hatia. Wageni walikuwa na kampuni ya kutengeneza plastiki za kisasa, ngumu kushinda chuma na nyepesi kama kadibodi, za kuwekwa kwenye ndege na magari. Mikoa kadhaa ilikuwa inawagombania. Mkoa huu haukuwa na bandari wala reli ya maana, ila ulikuwa na kiwanda kimoja cha mabeseni nyuma ya kota hizi, na ofisi ikaamua hicho kiwe ushahidi kwamba watu wa hapa plastiki wanaijua. Getini kulitundikwa bango: MIKONO YENYE KASI KULIKO YOTE.

"Watapita na humu kota, waone watu wetu wanavyoishi," Meneja akaendelea. "Sasa shemeji, mimi nimefikiria... itapendeza kama kesho ungekwenda kusalimia ndugu."

"Ndugu gani?"

"Mtu hakosi ndugu."

Mama Chapu akautoa mkono mtandioni akauweka juu ya goti, mbele yake kabisa. Ulikuwa umebaki na kidole gumba na cha shahada. Vingine vilibaki kwenye mashine ya mabeseni.

"Ni huu, siyo?"

"Usinielewe vibaya." Meneja alianza kutafuta pa kuweka macho. "Mgeni hajui historia. Akiona kitu bila maelezo anaweza kufikiri mengine. Na wewe mwenyewe una faida hapo, maana Chapu ndiye tuliyemteua aendeshe mashine mbele yao. Watoto wa mkoa mzima wanaitamani nafasi hiyo."

"Chapu yuko kwenye kufungasha."

Meneja akainuka, akajipangusa suruali ambayo haikuwa na vumbi.

"Kumbe hamjaongea," akasema. "Basi mtaongea wenyewe, mambo ya nyumbani hayo."

Akaondoka upesi, na Mama Chapu akabaki kaketi na beseni jekundu miguuni. Upande wa pili wa ukuta mashine ilikuwa inapiga: kishindo, mlio wa mafuta, kishindo. Miaka yote ile aliusikia mlio ule kama mtu anavyosikia jirani yake akikohoa. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu aumie, aliusikiliza.

Niseme mapema kuhusu waya wa mlango wa mashine, maana bila waya hakuna kisa. Mashine ya beseni ina kalibu ya vipande viwili vya chuma, kila kipande kizito kuliko ng'ombe. Vinakutana, plastiki ya moto inaingia katikati, vinaachana, unatoa beseni. Mbele yake kuna mlango, na kwenye mlango kuna swichi: mlango ukiwa wazi, kalibu haiwezi kufunga, hata uitukane. Waliobuni mashine hawakuwa wajinga. Lakini kufungua mlango, kutoa beseni na kufunga tena kunakula muda. Sasa ukiikandamiza ile swichi kwa waya, mashine inadhani mlango umefungwa siku zote. Inapiga bila kusubiri mtu. Mkono unaingia, unanyakua, unatoka kabla chuma hakijarudi. Mabeseni yanakuwa karibu maradufu.

Aliyefunga waya huo ni Fundi, mume wa Mama Chapu. Aliagizwa, akafunga, kwa fundo lake mwenyewe, la kuzungusha mara mbili na kurudisha ncha chini, fundo lisilolegea. Mkewe alipoumia, waya uliondolewa. Mwezi haukuisha, akaagizwa tena. Akafunga tena. Usiniulize alirudije nyumbani siku hiyo na walikula nini. Walikula, na watoto wakaenda shule.

Fundi aliporudi alikuta sukari mezani na mke aliyesimama.

"Tangu lini?" Mama Chapu akauliza.

Fundi alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Wiki jana. Yule kijana wa mashine ameacha kazi."

"Na wewe ukamweka mwanangu."

"Meneja ndiye aliyemweka."

"Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unakata kucha?"

Chapu alitoka chumbani akiwa bado na sare. Alikuwa binti mwembamba, mcheshi, mwenye mikono isiyotulia. Jina hilo alipewa na wenzake wa kufungasha, kwa sababu wao wakifunga bunda moja yeye ameshamaliza na anawacheka.

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia baba asiseme. Nilijua utapiga kelele."

"Nipige kelele? Hata sijaanza!"

"Mama, nisikilize. Yule mama wa ofisi ya uwekezaji amesema wageni wakipenda watachukua watu hapahapa. Wa kwanza kuchukuliwa ni wa mashine. Si wa kufungasha. Kuna mshahara wa maana, kuna bima. Nitafungasha mpaka lini?"

"Mpaka uzeeke na vidole vyako kumi."

"Mimi si wewe, mama."

Aliyasema bila ubaya, lakini yakishatoka yametoka. Chapu mwenyewe alishtuka. Mama Chapu alimshika binti yake mikono yote miwili akaigeuza, viganja juu, viganja chini, kama anavyokagua nyanya sokoni. Mikono ile ilikuwa na joto na michubuko midogo ya plastiki ya moto.

"Naogopa," akasema. "Sina neno jingine."

Fundi akaangalia sakafu. "Nitautoa," akasema.

"Nini?"

"Waya. Kesho asubuhi kabla hawajaja. Aendeshe mlango ukifungwa na kufunguliwa, kama inavyotakiwa."

"Baba!" Chapu akaruka. "Na bango je? Ile kasi wameshawaandikia wageni!"

"Bango halina mikono," Fundi akasema, na kwa dakika hiyo alikuwa mwanaume ambaye mkewe aliolewa naye.

"Apa," Mama Chapu akamwambia.

"Haki ya Mungu nitautoa."

Asubuhi Fundi alifika na koleo mfukoni. Meneja alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa amevaa suti iliyombana kwapani na alikuwa anawagombeza wafagiaji kwa vumbi walilolifagia jana yake. Alipomwona Fundi ameinama kwenye mlango wa mashine, alimfuata taratibu, akamwekea mkono begani.

"Unafanya nini, mzee wangu?"

"Nautoa huu. Leo ni siku ya wageni, bosi. Tusitie aibu."

"Aibu ni kuandika kasi hii halafu kuonyesha nusu yake." Meneja alikuwa bado anatabasamu, kwa sababu mama wa ofisi ya uwekezaji alikuwa anawaangalia kutoka mlangoni. "Nikuulize. Nyumba unayolala ni ya nani?"

"Ya kiwanda."

"Na wale wadogo wawili, ada zao zinakatwa wapi?"

Fundi alilitazama koleo.

"Siku moja tu," Meneja akasema kwa upole. "Wakishaondoka, utoe waya, utoe hata mlango ukitaka. Leo uache."

Koleo lilirudi mfukoni. Fundi alijiambia kwamba ni siku moja. Alijiambia pia kwamba atasimama karibu na kitufe chekundu cha kuzimia mashine, na asiondoe jicho. Mwoga akishapata pa kusimama hujiita mlinzi.

Wageni walikuja na magari matatu. Mkubwa wao alikuwa mzee mrefu, mhandisi, mkimya, mwenye viatu vya kazi chini ya suruali nzuri, na pembeni yake mkalimani mwenye kitabu kidogo. Hawakupita kota, walisema muda hautoshi. Kwa hiyo Mama Chapu, ambaye hakuwa amekwenda kusalimia ndugu yeyote, alikaa ndani kwake peke yake, mlango wazi, akisikiliza ukuta.

Chapu alipanda kwenye jukwaa dogo mbele ya mashine. Alikuwa amesuka nywele upya na midomo ilikuwa imemkauka. Kalibu ikaachana, mkono wake ukaingia, beseni likatoka, kalibu ikafunga. Tena. Tena. Mwanzoni wageni walitazama kwa adabu, kisha wakasogea. Mwenzake mmoja kule kufungasha akapiga kigelegele. Yule mhandisi alitoa saa yake ya mkononi akaishika kwenye kiganja. Chapu akaiona saa ile, akaongeza mwendo.

Fundi alikuwa anaona kitu ambacho wengine hawakioni. Kwa ajili ya wageni Meneja aliagiza rangi mpya, nyekundu ya kung'aa, na plastiki ya rangi ile ilikuwa inanata. Kila beseni lilichelewa kidogo kuachia chuma. Chapu alikuwa analivuta kwa nguvu, na kila akivuta bega lake lilikuwa linaingia ndani zaidi.

"Bosi," akamnong'oneza Meneja. "Linanata. Tupunguze."

"Waonyeshe, mwanangu!" Meneja akampigia Chapu kelele, akicheka. "Waonyeshe mikono ya mkoa huu!"

Kalibu ikaachana. Chapu akashika ukingo wa beseni, akavuta, halikutoka. Alipaswa kuliacha. Kila mtu wa kiwanda hiki hufundishwa hivyo: likinata, liache, toa mkono, beseni ni beseni tu. Lakini saa ilikuwa kwenye kiganja cha mgeni. Akaingiza na mkono wa pili.

Fundi alikipiga kitufe chekundu kwa ngumi.

Mashine ilinyamaza. Vile vipande viwili vya chuma vilikuwa vimeshaanza kurudi, vikasimama hapo vilipofikia, na katikati yake ilikuwa mikono ya Chapu hadi viwikoni, imeshika beseni. Chapu akaitoa, mmoja baada ya mwingine, akaitazama. Ilikuwa mizima. Akaketi palepale jukwaani.

Upande wa pili wa ukuta Mama Chapu alisikia ule mlio ukikatika kabla ya kishindo. Alikuwa ameusikia mkato wa namna hiyo mara moja tu maishani, na siku ile yeye ndiye aliyekuwa kwenye mashine. Alitoka mbio bila viatu. Alikanyaga vipande vya chupa nyuma ya kota na hakujua mpaka baadaye.

"Umeme!" Meneja alikuwa anawaambia wageni, mikono hewani. "Ni umeme tu, umekatika! Samahani sana, umeme wetu huu..."

Taa zote zilikuwa zinawaka. Feni juu ya kichwa chake ilikuwa inazunguka vizuri kabisa.

"Si umeme," Fundi akasema.

"Fundi, nyamaza."

"Si umeme. Ni mimi niliyezima." Sauti ilikuwa inamtetemeka kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Kuna waya pale kwenye swichi ya mlango. Nimeufunga mimi. Ile kasi ya kwenye bango ni ya waya. Bila waya hatuna kasi hiyo, na binti yangu nusura..."

Hapo ndipo Mama Chapu alipoingia, mguu unavuja damu. Alimpita Meneja, akampita mgeni, akamwendea Chapu, akaishika mikono yake akaigusa kidole kimoja kimoja. Alipofika mwisho alifunga macho. Kisha akageuka na kuunyanyua mkono wake mwenyewe juu, wazi, waone.

"Huu hapa," akasema. "Niliambiwa niufiche. Vidole vyake niliviacha humuhumu, kwa waya huohuo. Mkitaka kujenga kwenu, jengeni, sisi tunataka kazi. Ila mjue."

Mama wa ofisi ya uwekezaji alishika kichwa. Meneja alikuwa na rangi ya majivu. Mkalimani alitafsiri yote polepole, na mhandisi akasikiliza huku akiutazama ule mkono, bila haraka, mpaka mkalimani alipomaliza. Kisha akasema maneno machache.

"Anasema msiogope," mkalimani akasema. "Anasema huo waya aliuona tangu anaingia."

Fundi alishukuru moyoni. Mungu mkubwa, mtu anayejua ameona. Sasa watasema uondolewe, nao wakisema utaondolewa kweli, kwa sababu wao si Meneja, wao wana ndege na magari.

Mhandisi akasema tena, akionyesha mkono wa Mama Chapu kwa kalamu. Mkalimani alisita. Akafunua kitabu chake kidogo kana kwamba neno lilikuwa limempotea.

"Anauliza," akasema, bila kumwangalia mama yule, "jambo kama hilo, kwenye mkoa huu, huwa linamgharimu mwajiri kiasi gani?"

Rangi ikaanza kumrudia Meneja usoni.

"Kidogo," akasema. "Kidogo sana, mheshimiwa."

Mhandisi alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, na mkalimani akaandika.

Mkoa ulishinda. Redio ilitangaza, na chokaa ikaongezwa. Kiwanda kikubwa kitajengwa upande ule wa barabara, na kwa sasa wageni wameingia ubia na kile cha mabeseni ili watu waanze kufundishwa mapema. Fundi aliambiwa apumzike, maana umri umekwenda. Hakufukuzwa. Waliwaachia nyumba, kwa sababu Chapu yupo.

Siku Fundi alipokwenda kuchukua vifaa vyake, alimkuta Chapu jukwaani na wasichana wanne wapya wamesimama nyuma yake wakitazama. Alikuwa anawaonyesha: jicho kwenye chuma, usiangalie beseni, mkono uingie kwa ubavu. Mashine haikuwa inangoja mlango. Fundi akasogea, akainama, akaiona. Swichi ilikuwa imefungwa kwa waya mpya, unaong'aa, umezungushwa mara mbili na ncha imerudishwa chini.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi, baba." Chapu hakugeuka, jicho lilikuwa kwenye chuma. "Wao walifunga ikawa inalegea. Mashine inasimama, mara inashika ghafla mkono ukiwa ndani. Nikaona bora nifunge fundo lako. Lako halilegei."

Koleo lilikuwa mkononi mwa Fundi. Wale wasichana wanne walimtazama yeye, wakatazama koleo. Fundi akaliweka kwenye mfuko wa vifaa, akaaga, na wasichana wakamwitikia kwa heshima.

Sasa Fundi na mkewe hushinda nyumbani. Mkoba wa shule wa yule mdogo umenunuliwa mpya, sukari ipo, na hilo beseni jekundu la Meneja ndilo la kufulia nguo. Fundi hukaa dirishani akitengeneza redio za majirani. Mama Chapu hufua kwa mkono mmoja na nusu, akisikiliza ukuta. Kishindo, mlio wa mafuta, kishindo.

Juzi mlio ulinyamaza. Mama Chapu aliinuka na mikono ina povu. Fundi aliacha redio.

"Wanabadilisha rangi," akasema.

"Leo si siku ya rangi."

"Basi ni saa ya chakula."

"Chakula bado."

Walisimama wote wawili, wakitazamana, kila mmoja akiomba mwenzake aseme kitu kingine. Halafu ukarudi: kishindo, mlio, kishindo. Fundi akaishika redio tena. Mama Chapu aliketi mbele ya beseni, akaendelea kufua. Miguuni alikuwa na viatu, amefunga kamba. Siku hizi anavivaa asubuhi Chapu akitoka, hata ndani, na havui mpaka amwone mwanawe mlangoni.